Mshindwa Apige Pasi

Machi 9

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, nikiwa nimeshaanika mashuka thelathini na mawili ya nyumba ya wageni. Nimeyaanua mbiombio huku nimeuma vibanio, na bega langu la kulia likanikumbusha kwamba mimi si msichana tena. Kila mwaka mvua ikianza nami naanza daftari. Mume wangu husema wenzangu hupanda mbegu, mimi hupanda malalamiko.

Yeye ni fundi bomba. Mvua kwake ni neema, maana mifereji huziba na simu yake hailali. Mimi ni dobi. Tumeoana miaka ishirini na sita na kila msimu wa mvua tunamwomba Mungu mambo mawili yasiyopatana.

Mwaka huu lakini sina wasiwasi. Binti yetu yuko chuoni, na chumba chake nimekifanya cha kuanikia. Nimefunga kamba saba, nimeweka feni mbili, na madirisha yako pande mbili. Leo jioni nimesimama katikati ya mashuka yangu nikajiona tajiri.

Machi 11

Ukuta wa jikoni kwa wifi yangu umeanguka kwa mvua. Hakuumia, alikuwa uani. Mume wangu amekwenda kumchukua.

"Wiki mbili tu, mke wangu. Fundi mwashi akishasimamisha ukuta, dada anarudi kwake."

Sikuuliza atalala wapi. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule. Nimefungua kamba saba, moja moja, na sikufanya haraka.

Machi 12

Wifi ameshafika na sanduku moja na mto wake. Ni mjane, ana miaka sitini na mitatu, hakujaliwa mtoto, na kwa miaka thelathini amefundisha watu kuendesha gari. Amestaafu, ila mguu wake haujapata habari. Mume wangu akimimina chai kwa kasi, mguu wa kulia wa wifi unakanyaga sakafu na mdomo unasema, "Breki!" Asubuhi nimegongana naye mlangoni kidogo tu, akaniambia nilipaswa kutazama pande zote mbili.

Katika daftari hili nitamwita Bi Breki. Huko nje nitamwita wifi, kwa adabu zote.

Machi 13

Ameniomba pasi. Amesema mikono inamwasha kwa kukaa bure, anipigie hata foronya.

"Mgeni hafanyi kazi, wifi," nikamjibu.

Nilitabasamu, lakini haikuwa wema. Mtu ukishampa pasi anajua ulipo wanga, akijua ulipo wanga anajua ilipo chumvi, na baada ya hapo nyumba ina wenye wawili. Mume wangu akacheka: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Nikamwambia siku ya kumi na nne mpe nauli.

Machi 15

Mvua. Mashuka yote yako sebuleni. Ukitaka kukaa kwenye kochi unafunua shuka kama pazia, na mume wangu amekula chakula cha mchana huku foronya inamdondokea shingoni.

Machi 18

Bi Breki alikuwa anapanga chumba (chumba changu!) akakuta boksi juu ya kabati. Akaja nalo sebuleni.

"Hii nini, wifi?"

Ni ule mchezo wa zamani wa binti yetu. Mashine ya kijivu yenye mdomo wa kuingizia kaseti, na pedi mbili zenye nyaya ndefu. Kaseti imebaki moja tu, ya mbio za vigari. Nilitaka kumwambia airudishe, lakini mashuka yalikuwa yanatona, hakuna kilichokuwa kinakauka, na kazi ya dobi siku ya mvua ni kungoja. Nikaichomeka kwenye tivii. Haikuwaka. Nikaitoa kaseti, nikaipuliza kama nilivyokuwa nikimwona binti akifanya, nikairudisha. Ikapiga tarumbeta.

Madereva ni wanyama wanane. Mimi nimechukua fisi mwenye miwani ya jua. Yeye amewakagua wote mmoja mmoja, kisha akamchukua kiboko. Nikamuuliza kwa nini.

"Huyu peke yake ndiye kavaa kofia ngumu."

Machi 19

Naandika hili nikiwa bado nacheka peke yangu.

Skrini inagawanyika, juu ni mimi, chini ni yeye. Taa zinawaka, nyekundu, nyekundu, kijani. Wanyama saba wameondoka kama wamechomwa sindano. Kiboko amesimama palepale.

"Wifi, ondoka! Kijani!"

"Natazama vioo."

Havina vioo vile vigari. Akaondoka, akashika upande wake wa barabara, na kila kona anafunga breki. Njiani kuna masanduku ya bahati. Ukiligonga linakupa kitu, kama ganda la ndizi la kumwangushia aliye nyuma, au roketi ya kukusukuma mbele, au kundi la nyuki wanaomwandama anayeongoza. Yeye akapata ganda la ndizi. Nikamwambia alitupe.

"Nitupe taka barabarani?"

Akalibeba mizunguko yote mitatu. Alimaliza wa nane, kiboko na ganda lake, mwenyewe ametulia kama aliyetoka kumpeleka mtu ibadani. Mimi nilikuwa wa tatu.

Mume wangu aliingia na mfuko wake wa spana akatukuta katikati ya mashuka, akatoka tena nje kuhakikisha kama ni nyumba yake.

Machi 20

Bi Breki ametoa wazo. Kucheza bure hakuna ladha, tuweke dau.

"Dau gani?"

"Mshindwa apige pasi. Mashuka yote ya siku hiyo."

Nikamtazama. Jana tu alimaliza wa nane kati ya wanane. Kumkatalia mgeni kazi ni sawa, lakini kumkatalia mtu haki ya kushindwa ni uchoyo. Nikakubali.

Alishindwa. Amepiga pasi mashuka ishirini na manne, na pembe zimekutana kama kurasa za kitabu.

Machi 21

Nimeshinda.

Machi 22

Nimeshinda. Mvua.

Machi 24

Nimeshinda tena. Binti amepiga simu, nikamweleza. Akapiga kelele nikasogeza simu mbali na sikio.

"Mama, wewe na shangazi? Gemu? Nani anashinda?"

"Unauliza wakati jibu unalo?"

Akanifundisha siri moja. Mchezo huu unawahurumia walio nyuma. Wa mwisho hupewa zawadi kubwa kubwa, wa kwanza hupewa ganda tu. Nikasema hiyo si haki. Akasema, "Sasa mama, wa kwanza anahitaji nini?"

Machi 26

Wiki mbili zimetimia jana. Fundi mwashi anasema mchanga umelowa, saruji haishiki, tumpe siku kumi. Nikasema hakuna neno. Nimeshangaa kwamba lilinitoka kirahisi.

Huenda ni kwa sababu ya bega. Siku sita sijagusa pasi na leo nimeinua beseni hadi mezani bila kuuma meno.

Machi 30

Nimegundua kwamba Bi Breki akipiga pasi anazungumza, na akizungumza inafaa kumsikiliza. Leo amenisimulia juu ya mwanafunzi mmoja, mwenye duka la vitambaa, aliyefeli mtihani wa udereva mara tisa. Mara ya kumi alifaulu, akashuka garini, akamkabidhi funguo, akarudi kwake kwa miguu. Hakutaka gari hata siku moja. Alitaka tu wasimwambie hawezi.

"Na wewe ulimfundisha mara zote kumi?"

"Nilimpenda. Alikuwa anakuja na karanga."

Marehemu mumewe pia alikuwa mwanafunzi wake. Kumbe alimposa kwenye taa nyekundu, na yeye akamwambia subiri kijani.

Aprili 2

Nimeshinda, ila kwa shida. Nyuki walinipata mstari wa mwisho ukiwa mbele ya macho yangu. Fisi akazunguka kama pia, na wanyama wanne wakanipita. Nilitukana neno ambalo sitaliandika. Kiboko alikuwa nyuma yangu hatua chache, angeweza kunipita vizuri kabisa. Akafunga breki.

"Mbona hukupita?"

"Palikuwa na ajali. Kwenye ajali dereva anapunguza mwendo."

Aprili 5

Umeme umekatika. Hakuna pasi, hakuna mbio. Tumekaa dirishani tunahesabu watu wanaoteleza kwenye tope la mtaani. Kila anayekaribia kuteleza, mguu wa wifi unakanyaga breki. Nami leo nimejikuta nakanyaga.

Aprili 9

Fundi mwashi anasema siku kumi nyingine. Mvua haijapumzika tangu Jumapili. Nimeshinda.

Aprili 13

Nina hofu. Sebule ni ndogo kwa mashuka themanini ya wiki. Hewa haizunguki. Leo nimenusa shuka moja nikaliweka chini, nikalichukua tena, nikalinusa. Nikajiambia ni pua yangu.

Aprili 14

Haikuwa pua yangu.

Msimamizi wa nyumba ya wageni amekuja mwenyewe kwa miguu, chini ya mwavuli, na nyuma yake mlinzi akisukuma mkokoteni. Mashuka arobaini. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alifunua moja akaniletea puani kwa heshima, kama anayeniuliza bei ya kitambaa.

"Mama, miaka kumi na moja tumefanya kazi. Mgeni ameamka asubuhi ananiambia kitanda kinanuka chura."

Nikamwomba radhi. Akasema amenipa hadi keshokutwa. Yakirudi vilevile, atajaribu lile duka jipya la dobi la mtaa wa juu, lenye mashine ya kukaushia. Akasema samahani mara mbili, akaondoka na mwavuli wake.

Nyumba ya wageni ndiyo nusu ya kazi yangu, na zaidi ya nusu. Nilisimama pale mlangoni nikiwa na mashuka arobaini miguuni, na mume wangu akatoka chumbani kuniuliza kulikoni. Hapo ndipo nilipofunguka. Nilisema kwa sauti ambayo hata majirani wameisikia: "Kama ningekuwa na chumba changu, haya yangetokea? Nina feni mbili zinalala chini ya kitanda cha mtu! Wiki mbili, wiki mbili, leo ni ya ngapi?"

Mume wangu alikuwa anatazama nyuma yangu. Bi Breki alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na vikombe vitatu vya chai kwenye sinia.

Akaweka sinia mezani taratibu. Akasema, "Chai itapoa." Akaingia chumbani.

Neno likishatoka halirudi. Nimeandika haya na chai sijainywa.

Aprili 15

Nilipoamka chumba kilikuwa kitupu. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani, godoro liko kwenye ujia karibu na mlango wa bafu, na limetandikwa vizuri. Kamba zangu saba zimefungwa, tena kwa mafundo bora kuliko yangu. Feni mbili zilikuwa zinazunguka, na mashuka ishirini ya kwanza yalikuwa yameshafuliwa upya na kuanikwa. Yeye mwenyewe alikuwa amejiinamia kwenye beseni.

"Wifi, jana nilikuwa na hasira."

"Hasira haikuwa na kosa. Ilikuwa kwenye njia yake. Nipe hayo mengine."

Tumefua pamoja. Hatukucheza. Amepiga pasi mpaka saa kumi na mbili jioni. Kila shuka alilipitisha pasi mara mbili, mvuke unapanda hadi darini, na kila nikisogea anasema, "Dau la jana sijalilipa."

Jana hatukushindana.

Aprili 16

Msimamizi amenusa mashuka matatu aliyoyachagua mwenyewe kutoka chini ya rundo. Akacheka. Tumebaki naye.

Nimemwambia wifi arudi chumbani. Amekataa. Anasema kwenye ujia kuna hewa. Kwenye ujia kuna bomba la bafu linalogugumia, na mtu akienda chooni lazima amruke.

Aprili 17

Leo nimeona jambo na sijui nilifanyeje.

Nilikwenda kupeleka foronya, sikumkuta msimamizi, nikarudi mapema. Sebuleni bado kuna kamba mbili za taulo na mashuka ya ziada, kwa hiyo anayeingia haonekani. Nikasikia tarumbeta za mchezo. Nikasema moyoni, maskini, anafanya mazoezi. Nikasimama nyuma ya shuka nichungulie nicheke.

Kiboko alikuwa wa kwanza.

Si wa kwanza kwa bahati. Wa pili alikuwa mbali hata haonekani. Wifi alikuwa amekaa wima, mgongo haugusi kochi, na vidole vyake vilikuwa vinasogea kidogo sana. Kona ile ya daraja, ambayo mimi huichukua kwa kelele na kugonga ukuta, yeye alifunga breki kabla, akaiingia taratibu, akatoka kwa kasi ambayo fisi wangu hajawahi kuiota. Breki zile nilizozicheka mwezi mzima! Anafunga mapema ili atoke mapema. Na nyuma ya kiboko kulikuwa na ganda la ndizi, amelibeba vilevile, hakulitupa. Alimaliza wa kwanza bila kumwangusha mtu hata mmoja.

Akaiweka pedi chini, akajinyoosha, akaenda kuwasha pasi.

Nilitoka nje tena kwa kunyata, nikangoja kidogo kwenye mvua, nikaingia kwa kelele.

Alasiri tulishindana. Akawa wa nane. "Leo nilikaribia," akasema.

Aprili 18

Nimelala na kuamka na swali moja, na jibu lake linanitia aibu. Mimi nilimnyima pasi kwa mdomo, naye akaipata kwa kushindwa. Siku ishirini na kitu amejifanya hajui njia, amekubali nimcheke mbele ya ndugu yake na nimsengenye kwa binti kwenye simu, ili bega langu lipumzike.

Ningemwambia nimemwona, lakini sikumwambia. Nitasema ukweli, daftari halina mdomo. Sababu moja ni kwamba angeona haya. Sababu ya pili ni kwamba bega limepona na nimeizoea raha.

Jina la Bi Breki nimeliacha leo.

Aprili 20

Nimejaribu kushindwa makusudi, nimpokee kazi. Haiwezekani. Nikipunguza mwendo, naye anapunguza. Nikigonga ukuta, naye anakumbuka kutazama vioo. Wanyama wengine wote wamemaliza, wamepanda jukwaani, wamepewa vikombe, sisi bado tuko kwenye daraja tunapishana kwa adabu.

Nimeshinda.

Aprili 23

Nimeshinda, kwa hasira.

Aprili 27

Mvua imepungua. Asubuhi kulikuwa na jua la saa moja na nusu, nikakimbilia uani na beseni, naye nyuma yangu na vibanio. Tunaanika mtu na mwenzake sasa, ananishikia upande wake wa shuka bila kuambiwa. Shuka kubwa linataka watu wawili. Miaka yote hii nimekuwa nikilikunja kwa kidevu.

Mei 1

Fundi mwashi hapatikani kwenye simu. Mume wangu anasema labda ameanguka na ukuta. Tumecheka wote watatu, mimi zaidi.

Mei 4

Fundi mwashi amepatikana. Ukuta umesimama, jiko limepakwa chokaa, funguo ziko kwa jirani. Anasema mama anaweza kurudi hata kesho.

Mume wangu alileta habari hiyo wakati wa chakula akaiweka mezani kama mtu aliyetumwa. Wifi akasema, "Mungu amsaidie, amefanya kazi." Mimi nikasema, "Afadhali." Neno gani hilo! Nilitaka kusema kitu kingine, nikameza chakula, na neno la karibu likatoka. Wifi akaitikia kwa kichwa na kuendelea kula.

Jioni nimemwona anafuta sanduku lake vumbi.

Mei 5

Siku nzima nimetafuta namna ya kumwambia abaki. Kila nikifungua mdomo naisikia ile sauti yangu ya tarehe kumi na nne. Mtu niliyempigia kelele mlangoni ataniamini vipi? Ataona ni adabu tu. Mume wangu nimemwomba aseme yeye. Amekataa.

"Aliyemfukuza si mimi."

"Sikumfukuza!"

"Basi kamwambie hukumfukuza."

Miaka ishirini na sita ya ndoa, na siku ninayomhitaji anakuwa na hekima.

Mei 6

Naiandika yote, isinipotee.

Baada ya chakula cha mchana sanduku lilikuwa tayari mlangoni na mto juu yake. Jua liliwaka vizuri kwa mara ya kwanza. Wifi akaketi kwenye kochi, akanipa pedi ya fisi.

"Wifi, tumalizie. Leo tuweke dau kubwa."

"Dau gani?"

"Wewe ukitangulia, kesho asubuhi naondoka. Mimi nikitangulia, nabaki."

Mume wangu, aliyekuwa anafunga viatu, akainua kichwa. "Dada, mambo ya nyumba yanaamuliwa kwa gemu?"

"Nyamaza, wewe uko kiti cha abiria."

Nilielewa palepale. Tangu Machi hajanishinda hata mara moja, na anaamini sijui chochote. Alikuwa ananifungulia mlango nimtoe bila kusema neno. Nishinde kama kawaida, yeye aondoke akicheka, na asiwepo wa kulaumiwa. Nikasema, "Sawa."

Nyekundu, nyekundu, kijani. Hakuna aliyeondoka. Wanyama sita wamekwenda zao, fisi na kiboko wamesimama kwenye mstari kama wanangoja kuitwa majina.

"Kijani, wifi," akasema.

"Natazama vioo."

Aliondoka mwishowe kwa sababu hawezi kuzuia njia, nami nikamfuata. Mzunguko wa kwanza nilimkaba nyuma yake. Akasogea pembeni nipite. Sikupita. Akafunga breki kwenye kona tupu, nami nikafunga. Mzunguko wa pili alijisingizia anapiga chafya, akagonga ukuta wa daraja, ukuta ambao najua anaupita akifumba macho. Kidole changu kikachelewa, nikampita bila kutaka. Tukaingia wa tatu hivyo, mimi wa saba, yeye wa nane. Wale sita walishamaliza na jukwaa lao, na muziki ulikuwa unajirudia.

Hatua kumi kabla ya mstari nilisimama. Kiboko akasimama nyuma yangu.

"Mbona umesimama?"

"Gari limeharibika."

"Gari la tivii haliharibiki."

"Hili limeharibika. Nipite."

"Siwezi kupita gari lililosimama bila kujua limesimamia nini."

Mume wangu alikuwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Nami nikapiga moyo konde. Nilisema macho yangu yakiwa kwenye skrini, kwa sababu kumtazama nisingeweza.

"Limesimama kwa sababu sitaki uondoke. Tarehe kumi na saba nilikuwa nyuma ya shuka. Nilikuona, wifi. Wa kwanza, peke yako, na ganda lako la ndizi."

Akasema polepole, "Kila asubuhi nilikusikia unaugulia bega ukivaa gauni. Ningekuambia tena nipe pasi, ungenipa?"

"Nisingekupa."

"Basi."

"Na ulinisikia mlangoni. Nilisema nataka chumba."

"Ulisema kweli."

"Nakitaka bado, sikudanganyi. Nakitaka na wewe ukiwa ndani yake. Tutafunga kamba upande mmoja, kitanda upande mwingine. Mashuka yatakudondokea kidogo."

"Nitalala upande wa ukutani," akasema. Akavuta pumzi. "Wifi, nisikilize. Kule nyumbani napika wali kikombe kimoja, na unabaki. Nikipita hapa sitoki tena. Si wiki mbili hizi. Mpaka mnichoke, na mkinichoka sitoki vilevile. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Pita, unazuia njia."

Akatazama pande zote mbili. Naapa alitazama, kichwa chake chenyewe, kushoto na kulia, sebuleni kwangu. Kisha kiboko akatoka nyuma ya fisi taratibu, akashika upande wake wa barabara, akavuka mstari. Wa saba kati ya wanane. Mume wangu alipiga makofi na kiatu. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na naliandika hilo bila aibu.

Wifi akafuta macho kwa ncha ya kanga, akachukua simu, akampigia fundi mwashi. Fundi akadhani anaulizwa juu ya chokaa, akaanza kujitetea, na wifi akamngoja amalize.

"Chokaa haina neno, fundi," akamwambia. "Nitafutie mpangaji wa nyumba hiyo, mtu mpole. Mimi nimepata kwetu."